Kununua Gari Lililotumika: Nani Aiseme Aibu Yake?



Ndugu Waislamu, kila mwaka inapofika miezi ya baada ya mavuno hapa Ruvuma, maswali yanayoletwa kwa mwalimu baada ya darsa hubadilika. Wakulima wa mahindi wa Namtumbo na Madaba wamekwisha kuuza, wenye kahawa kule Mbinga wamelipwa au wanangojea malipo, na nyuma yao wanakuja wenye korosho wa Tunduru. Hapo ndipo baadhi ya ndugu zetu humsubiri mwalimu mlangoni mwa msikiti, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, wakamwambia: "Ustadhi, nimepata gari, naomba dua." Dua tunaiomba. Lakini aghlabu huombwa baada ya fedha kwisha kutoka, na mwenye kuombewa hajui gari lenyewe limetokea wapi, limefanya kazi gani wala nani kalikagua.

Anayeandika haya si fundi. Ni mtu aliyesomesha mlango wa biashara kwa miaka kadhaa, akawaeleza wanafunzi wake hiari aliyonayo mnunuzi anapokuta ila katika alichokinunua, kisha akaenda kulinunulia madrasa gari bila ya kufungua boneti. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kuwa ninamcheka mtu.

Kamati ya madrasa yetu ilikusanya fedha kwa muda wa Ramadhani mbili. Wapo waliotoa laki moja, na wapo akina mama waliotoa mia tano mia tano katika fedha za maandazi. Makusudio yalikuwa ni gari la kuwachukua watoto wanaokaa mbali, Lizaboni na Ruhuwiko, na la kusaidia katika misiba. Ndugu mmoja tunayeswali naye safu moja alikuwa na Toyota Noah, akataka milioni 11, tukakubaliana milioni 10. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuliangalia. Nililizunguka mara moja, nikaketi ndani, nikaona viti ni visafi na redio inasikika vizuri. Mwenyewe aliponyoosha mkono kufungua boneti nikamzuia, nikamwambia: "Hapana haja, sisi ni ndugu." Nilidhani ninafanya ihsani.

Katika wiki ya tatu tulikuwa tunawapeleka wanafunzi sita Njombe kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Tulipofika katika milima ya Lukumburu gari likakataa kupanda. Injini ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote hali ya kuwa magurudumu hayaendi, kisha likaanza kurudi nyuma. Dereva akavuta breki ya mkono, na mwanafunzi mkubwa kuliko wenzake akaruka nje akaweka jiwe nyuma ya tairi. Lori la mahindi lilikuwa linapanda nyuma yetu. Alhamdulillahi lilikuwa bado mbali, na dereva wake alituona. Tulikaa ukingoni mwa barabara mpaka Magharibi, watoto wanasomeana juzuu zao kwa baridi, na mashindano yakatupita. Kesho yake fundi wa Njombe alichomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi akanipa ninuse. Ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua, tena nzito kuliko inavyotakiwa. Akaniambia kuwa aliyeitia oili ile alikuwa anajua anaficha nini.

Sasa tuingie katika maudhui yenyewe.

Mafakihi kasoro ya bidhaa wameiita aibu. Katika Kiarabu neno hilo ni ila iliyomo ndani ya kitu, nalo lilipofika katika Kiswahili chetu likawa ni fedheha inayompata mtu. Kipimo chao ni chepesi: kila jambo ambalo wafanyabiashara wa bidhaa ile wakilijua watapunguza bei, hilo ni aibu, na kulibainisha ni wajibu. Mkwaruzo mdogo wa rangi katika gari la miaka 20 hakuna anayeuhesabu. Gia inayoteleza, injini inayokula oili, chesisi iliyounganishwa kwa kuchomelewa baada ya ajali, hizo ni aibu kwa mujibu wa kila fundi wa Songea, asome kitabu asisome.

Wajibu huo ni wa nani? Wengi tunajibu upesi kuwa ni wa muuzaji, na ni kweli. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji, na akamkemea mwenye lundo kwa kuiweka kavu juu na mbichi chini. Kisa hiki kila mtu anakijua. Kisa kisichosomwa sana misikitini mwetu ni cha Wathila bin al-Asqa' (r.a.), kilichopokewa na Imam Ahmad. Mtu alinunua ngamia, naye anaondoka naye Wathila akamfuata na kumuuliza kama amemnunua kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya safari. Yule akasema ni kwa safari ya Hija. Wathila akamweleza kuwa ngamia huyo ana tundu katika kwato lake, hawezi mwendo mrefu. Muuzaji akakasirika, akaona amevunjiwa biashara. Wathila akamjibu kwamba amemsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa si halali kwa mtu kuuza kitu ila abainishe kilichomo, na si halali kwa mwenye kulijua hilo kunyamaza.

Tazama mambo mawili hapo. La kwanza ni swali lake: nyama au safari? Gari la kuzungukia baina ya Majengo na Mfaranyaki na gari la kwenda Dar es Salaam, karibu kilomita elfu moja, likapande Lukumburu na kushuka Kitonga, si gari moja hata kama yametoka kiwandani siku moja. Mnunuzi asiyesema anakwenda nalo wapi amemnyima mshauri wake nusu ya jawabu. La pili ni kuwa Wathila hakuwa muuzaji wala dalali, alikuwa ni mtu anayejua tu.

Miezi miwili baada ya yale ya Lukumburu, fundi mmoja wa gereji mtaani kwetu alinikuta pale tunapochukulia udhu, akaniambia kwa sauti ya chini: "Ustadhi, ile gia boksi nilikuwa naijua. Mimi ndiye niliyeitia ile oili. Lakini hamkuniuliza." Sikumjibu kitu, maana nilikuwa bado ninaitafuta aya ya kuniokoa mimi mwenyewe. Alisema kweli kwamba hatukumuuliza. Na sisi hatukumuuliza kwa sababu tuliona kumpeleka fundi kwenye gari la ndugu yako ni kumtuhumu.

Hili ndilo ninalotaka kulisema kwa kirefu, kwani naona ndilo ugonjwa wetu hasa watu wa misikitini. Tumefanya udugu kuwa badala ya ukaguzi. Mtu akinunua gari yadi Dar es Salaam kwa asiyemjua, atakwenda na fundi wawili, atapiga magoti alitazame chini, ataomba kadi, atapiga simu. Akinunua kwa anayeswali naye, anafumba macho, na akiumia anafumba mdomo, kisha anahamia msikiti wa pili. Nimekwisha kuona nyumba mbili ambazo hazisalimiani kwa ajili ya gari. Sheria ya Kiislamu haikupanga hivyo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii vita wala talaka, inazungumzia kuandika madeni na kuweka mashahidi watu wanapouziana, nayo iliteremka kwa watu waliokuwa wakiswali nyuma ya Mtume (s.a.w.). Kama kuandikiana kungekuwa ni kutuhumiana, wao wangekuwa wa kwanza kusamehewa.

Basi na tujue kwanza bidhaa hii inatoka wapi. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, nchi ambayo kama sisi huendesha kushoto kwa barabara. Huko gari dogo jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi wayauze magari yao mapema. Hupelekwa mnadani, na mkaguzi wa mnada huliandikia kila gari karatasi yake. Daraja la 5 au 4.5 ni zuri sana, 4 ni zuri, 3.5 lina makovu, na herufi R au RA humaanisha kuwa limewahi kupata ajali likatengenezwa. Katika mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wake. Karatasi hiyo huwa na idadi ya kilomita za siku ile. Anayeagiza gari kutoka nje aiombe kabla ya kulipa. Muuzaji aliyeliagiza mwenyewe huenda bado anayo, na kama kilomita zilizomo humo zinazidi zilizopo leo kwenye dashibodi, mazungumzo yamekwisha.

Jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi hatuna kizuizi hicho, lakini gari lililozeeka huongezewa ushuru wa uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa hiyo aliye na milioni 10 aghlabu haagizi. Ananunua mkononi, gari ambalo limekwisha kupita kwa mtu wa pili, wa tatu, hata wa tano hapa hapa nchini. Na hapo ndipo inapozuka ile imani ya herufi za namba. Utamsikia mtu anasema: "Ni namba D, bado jipya." Herufi ya kwanza katika zile tatu za mwisho inakuambia gari limesajiliwa lini Tanzania, haikuambii limeundwa lini. Gari la mwaka 2003 lililokaa Japani miaka 12 na gari la 2010 lililokaa miaka mitano yanaweza kupewa herufi moja siku moja. Mwaka wa kuundwa umeandikwa kwenye kadi. Tazama pia kibandiko kilichoshonwa chini ya mikanda ya viti, mara nyingi huwa na mwaka wa mkanda wenyewe, na kama mikanda ina mwaka unaopishana na kadi, uliza kwa nini ilibadilishwa.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa katazo la kumfunga chuchu mnyama wa maziwa siku kadhaa kabla ya kumuuza, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ndiyo kawaida yake. Aliyeuziwa hivyo alipewa hiari ya siku tatu: akiridhika amchukue, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokwisha kukamua. Mimi niliisomesha hadithi hii kama habari ya mbuzi na ngamia. Leo naiona kila mahali panapouzwa magari. Kiwele kilichofungwa ni oili nzito iliyotiwa ili injini isitoe moshi kwa wiki moja. Ni injini iliyooshwa ikang'aa ili usione inapovujia. Ni kilomita zilizorudishwa nyuma kwa kompyuta katika muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Ni gari ulilolikuta tayari limewashwa na lina moto, kwa sababu asubuhi huwa haliwaki.

Kwa hiyo siku unayokwenda kulitazama, mwombe mwenyewe asiliwashe mpaka ufike. Gusa boneti, iwe baridi. Nenda mchana, kusiwe na mvua, kwani maji huficha rangi mbili zinazopishana. Fungua mfuniko wa oili: ukiona utando kama chai ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili, na hapo gasketi ya silinda hedi iko mashakani. Kisha liwashwe, nawe usimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni mafuta mengi yasiyoungua, na mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto ni maji. Mvuke mwepesi wa asubuhi za Songea mwezi wa Juni usikutishe. Kama gia ni za otomatiki, chomoa kijiti chake kwa yale yenye kijiti. Oili nzuri ni nyekundu au ya kahawia inayoona, na pua yako inatosha kukuambia kama imeungua. Usifanye kama nilivyofanya mimi.

Kilomita zikiwa chache na pedali ya breki imelika mpira, usukani umekuwa laini unang'aa, na kiti cha dereva kimebonyea, yaamini hayo matatu. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jilaze chini ulitazame tumboni. Gari lililokaa pwani, au lililotumika sehemu za Japani ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, huliwa na kutu chini hali juu linameremeta. Kisha liendeshe, usiridhike na kuzunguka kituo cha mabasi. Lipandishe kilima, lielekeze hata huko Matogoro, lisimamishe katikati ya mwinuko na uliondoe tena. Laiti ningelifanya hili moja tu.

Na haya yote yafanye pamoja na fundi wako, si fundi wa muuzaji, umlipe ujira wake kabla, na umlipe hata kama gari hukulinunua. Fundi anayelipwa pale tu biashara inapokamilika amekuwa dalali, hata kama ana mikono ya oili. Asiye na fundi anayemwamini aulize chuo cha VETA hapa mjini, hapakosi mwalimu wa ufundi wa magari. Kwa gari la milioni 10, hata laki moja ya ukaguzi si israfu.

Ama dalali mwenyewe, wapo wema na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini ile simu inayolia kila unapoanza kufikiri, "Kuna mtu yuko njiani na fedha taslimu," huo ni mlango wa najshi, yaani kupandisha bei kwa mnunuzi asiyekuwepo, na Mtume (s.a.w.) ameukataza. Mwache huyo aliye njiani afike.

Nije kwenye karatasi, kwa kuwa aibu nyingine haimo kwenye chuma. Kadi ya gari iwe na jina la anayekuuzia, na jina hilo lilingane na kitambulisho chake. Namba ya chesisi na ya injini usizisome kwenye kadi tu, zitafute kwenye gari lenyewe kwa tochi. Akikuambia kadi asilia iko benki au kwa mkopeshaji, basi gari hilo ni rehani, na rehani haiuzwi bila ya idhini ya aliyewekewa. Mwende wote watatu, deni lilipwe mbele yako, kadi itoke. Faini za barabarani zinafuata namba ya gari, na faini moja ni shilingi 30,000. Unaweza kuangalia deni katika mfumo wa Polisi wa Usalama Barabarani kwa simu yako, ukiwa umesimama hapo hapo. Wapo bado wanaouliza madeni ya leseni ya kila mwaka ya gari. Ada hiyo ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, lakini kuhamisha umiliki TRA hakujafutwa. Anayenunua na kuendelea kutembelea kadi ya mwenzake amemwachia mwenzake madhambi yake ya barabarani, na siku gari likimgonga mtu, polisi wataanza kwa yule ambaye jina lake liko kwenye kadi.

Jambo la mirathi lina uzito zaidi, nami nimeshuhudia likitendeka na watu wazima wamekaa. Baba anafariki, anaacha Toyota Hilux, wajane wawili na watoto saba. Kabla ya arubaini mtoto mkubwa analiuza, kwa hoja kuwa funguo alikuwa nazo yeye. Gari hilo si lake. Yeye ana sehemu yake tu baada ya deni na wasia kutolewa, na ndani ya kila tairi mna haki ya mtoto yatima ambaye hajui kuidai. Sheria ya nchi nayo inataka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa wengi wetu hilo hufanyika Mahakama ya Mwanzo. Mnunuzi asiyeomba barua ya usimamizi asije kusema hakujua. Alijua ni gari la marehemu. Ndiyo maana alilipata kwa bei ile.

Baada ya hapo huja mkataba, na ndani yake hukosi kukuta maneno haya: limeuzwa kama lilivyo. Wauzaji wengi huamini kuwa maneno hayo yanawatoa. Ibn Umar (r.a.), katika zama za utumwa, alimuuza mtumwa wake kwa dirham 800 kwa sharti la kutodaiwa ila yoyote. Mnunuzi akaja kusema kuwa mtumwa yule ana maradhi ambayo hakuelezwa. Wakaenda kwa Uthman (r.a.), naye akahukumu kuwa Ibn Umar aape kwamba alimuuza bila ya kujua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtu wake. Akapona kwake, na baadaye akamuuza kwa dirham 1,500. Imam Malik ameipokea habari hii katika Muwatta, na msimamo wake ni kuwa aliyejivua na aibu anavuliwa nazo, isipokuwa ile aliyoijua akaificha. Wahanafi ni wepesi zaidi kwa muuzaji. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo mashuhuri katika mwambao wetu, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo halimvui muuzaji ila katika ila ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, na Noah si mnyama. Nami naona hukumu ya Uthman inatosha kututatulia: kipimo ni alichokijua.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina asili ya Kiingereza, nayo humwachia mnunuzi sehemu kubwa ya mzigo, khasa anaponunua kwa mtu asiyefanya biashara ya bidhaa hiyo. Ndiyo maana nasema aibu iulizwe kwa sauti na iandikwe. Kabla ya fedha kutoka, mnunuzi aseme mbele ya mashahidi wawili: "Ndugu yangu, ni aibu gani unayoijua katika gari hili?" Kisha anyamaze. Atakayotaja yaandikwe katika mkataba kwa lugha ya kawaida: linakula oili kiasi hiki, liligongwa mlango wa kushoto, shokapu za nyuma zimechoka. Atakayosema hayapo nayo yaandikwe kuwa amesema hayapo. Muuzaji mwema hapotezi kitu kwa kuandika, maana anayeuza aibu iliyotajwa ameiuza pamoja na gari, na haitarudi kumgongea mlango usiku.

Na aliyekwisha kununua akaigundua aibu ya zamani asiendelee kulitumia gari huku akilalamika. Kuendelea kulitumia baada ya kujua ni dalili ya kuridhika, na mafakihi wa Kishafi wanataka kurudisha kuwe mara moja. Liegeshe, mwite muuzaji, waite mashahidi. Ikiwa gari limeharibika zaidi mikononi mwako, hukuti njia ya kulirudisha kwa nguvu, bali utadai fidia ya upungufu, ambayo kwa Kiarabu huitwa arshi. Hesabu yake ni hii: watu wawili waadilifu wenye ujuzi wakisema gari hilo likiwa zima lina thamani ya milioni 12, na likiwa na aibu ile lina thamani ya milioni 9, upungufu ni robo. Basi mnunuzi anarejeshewa robo ya bei aliyolipa, si milioni 3. Kama alilipa milioni 10, anarejeshewa milioni 2 na nusu.

Hesabu hiyo sikuitoa kitabuni. Ndiyo iliyofanywa na mafundi wawili mbele ya kamati yetu, baada ya ndugu yetu yule kukataa kuapa. Alikaa kimya muda mrefu, akasema kuwa alitaka kufungua boneti na mimi ndiye niliyemzuia. Nikakiri mbele ya wote, na gharama ya kulivuta gari kutoka Lukumburu hadi Njombe nikaibeba mimi. Fedha zake alizilipa kwa awamu nne. Ya mwisho ilichelewa mpaka alipouza mahindi yake, akaileta mwenyewe baada ya swala ya Alfajiri, akauliza kama gari limepona. Nikamwambia gia ya tatu bado inachelewa kuingia asubuhi za baridi, na kwamba tunalitafutia mnunuzi, na hilo la gia tumekwisha kuliandika.